Speaking ya IELTS: swali la baiskeli ya utotoni linakukwamishaga wapi

Wadau wa Mwanza mnaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kwenye Speaking, yani sehemu ya kuongea ana kwa ana na mtahini yenye Part 3, hili swali la baiskeli ulipokuwa mdogo linaonekanaga jepesi kuliko yote, afu ndo linaangusha watu. Kwenye Part 1 unaulizwa tu kama ulikuwa na baiskeli utotoni, kama uliendaga nayo shule, kama bado unaendesha, kama watu wa mji wenu wanazitumia sana. Kwenye Part 2 inaweza kuja kadi ya kueleza kitu ulichojifunza ukiwa mtoto, au kitu ulichokuwa unakipenda, na baiskeli inaingia hapo vizuri kabisa. Afu Part 3 mtahini anapanua, watoto wa siku hizi na michezo, barabara, mazingira. Yani ukiiweka hadithi ya baiskeli yako sawa umejiandaa na maswali mengi kwa mpigo.

Nakaaga na watu wanaofanya mazoezi huku Nyakato, manesi, walimu, vijana wa chuo, na nikiwaskiliza naonaga karibu kila mtu anatibu ugonjwa ambao sio wake. Anasema msamiati wangu mdogo, anaenda kukariri maneno makubwa makubwa, kumbe tatizo lake ni vitenzi, au ni kwamba anasimulia baiskeli ya mtu mwingine aliyoikuta mtandaoni. Na alama zinagawanywa sehemu 4 zinazolingana, kuongea bila kukwama na mawazo kufuatana, msamiati, sarufi, matamshi. Kwahiyo ukishughulika na maneno makubwa peke yake unagusa robo tu ya kazi.

Kwahiyo kabla ya kusoma huku chini jirekodi. Simu yoyote inarekodi sauti, weka dakika 2, ongea kuhusu baiskeli yako ya utotoni kwa Kiingereza bila kusimama, afu skiliza ukiwa na karatasi mkononi. Inauma kujiskiliza, naelewa, ila bila hiyo rekodi utakuwa unakisia, na siku ya mtihani wenyewe unarekodiwa pia kwahiyo zoea mapema. Ukishaskiliza tafuta dalili yako hapa.

Unamaliza kwenye sekunde 40 afu unabaki unakodoa

Part 2 unapewa kadi, karatasi na penseli, dakika 1 ya kujiandaa, afu unatakiwa kuongea kati ya dakika 1 na 2. Watu wengi wanajibu vile vidokezo vya kwenye kadi kama wanajaza fomu. Baiskeli yangu ilikuwa nyekundu, alininunulia baba, nilikuwa na miaka tisa, niliipenda sana. Imeisha, macho kwa mtahini, mtahini macho kwako.

Hapo chanzo sio Kiingereza, muulize huyo mtu kwa Kiswahili uone, atajibu hivohivo kwa kifupi. Chanzo ni kwamba hajachagua tukio, anaelezea baiskeli kwa ujumla na kwa ujumla hakuna cha kusema.

Kijana mmoja wa Kayenze alikuwa kila akifika "it was very useful for my family" anaganda. Nikamwambia hebu acha Kiingereza kwanza, ilikuwa inabeba nini. Akafunguka. Dagaa, gunia linafungwa kwenye karia kwa mpira uliochanwa kwenye tyubu ya zamani, mzigo ukizidi nyuma tairi la mbele linataka kunyanyuka, kaka yake anashika usukani yeye mdogo anasukuma kwa nyuma kwenye mchanga, mnyororo unachomoka katikati ya safari, wanaipindua baiskeli miguu juu wanaurudisha kwa vidole, na mikono inanuka grisi na dagaa mpaka kesho yake asubuhi darasani. Aliongea kama dakika 3 bila kupumua, na nilipomuonesha maneno ya Kiingereza aliyokuwa anayahitaji yote yalikuwa madogo tu, sack, tie, push, sand, chain, came off, grease, smell, na yote anayajua tangu sekondari. Sentensi yake nzuri kuliko zote ikaja kuwa hii, "Every time the chain came off, we had to turn the bicycle upside down and put it back with our fingers, and my hands smelled of grease and fish until the next morning". Haina neno hata moja la kukariri lakini ina vitenzi vilivyokaa kwenye wakati wake, ina sehemu zilizoungana vizuri, na mtahini anaiona kabisa ile baiskeli.

Kwahiyo dawa ni kuchagua robo saa moja ya maisha ya ile baiskeli na kukaa humo. Siku ulipoanguka, siku ilipoibiwa, siku ulipompakia mdogo wako mkaingia mtaroni. Vile vidokezo vya kwenye kadi vipitie haraka mwanzoni, afu ingia kwenye tukio, afu ukiona muda bado upo sema ile baiskeli iko wapi sasa hivi na we unajisikiaje ukiona watoto wanaendesha. Na ile dakika ya kujiandaa usiandike sentensi, hutomaliza, andika vitenzi tu na viandike vikiwa tayari kwenye wakati uliopita, fell, broke, pushed, borrowed, ili jicho likishuka kwenye karatasi mdomo usipotee.

Unaongea sekunde 30 nzuri sana afu kiwango kinaporomoka

Hii ni ya waliokariri. Unaskia "my most cherished childhood possession was a magnificent bicycle which I received as a Christmas gift", sauti imenyooka kama anasoma taarifa ya habari, afu mtahini anauliza kaswali kadogo tu, nani alikufundisha, na mtu anajibu "my brother he teach me". Watahini wamefundishwa kuyatambua majibu ya kukariri na pengo la namna hii linaonekana waziwazi, na mtahini ana haki ya kukuhamisha swali palepale.

Yale majibu ya mtandaoni yana bustani, yana theluji, yana baba anashikilia kiti kwenye njia ya baiskeli pembeni ya mto. We umejifunzia kwenye kiwanja cha shule Igoma kwa baiskeli ya kukodi. Ukichukua baiskeli ya mtu wa Uingereza unachukua na maswali yake, na ukiulizwa kitu nje ya ulichokariri huna pa kuchota. Lisome jibu la mtu kama unataka kuona limepangwaje, afu lifunge, simulia lako.

Sikuwa na baiskeli sasa nisemeje

Hili naulizwaga sana na akina dada, kwa sababu nyumba nyingi za kwetu baiskeli ilikuwa ya baba au ya kaka, na mtoto wa kike akionekana juu yake anaambiwa shuka. Na wengine hela tu haikuwepo.

Mtahini hapimi ukweli wala mali, anapima lugha, kwahiyo hakuna alama unayopoteza kwa kusema hukuwa nayo. Kinachoponza ni kujibu "No, I didn't" na kunyamaza. Part 1 jibu lenye sentensi 2 hadi 4 linatosha, na "sikuwa nayo" ina utajiri mkubwa ukiifungua. Ulikuwa unaitamani ya nani, ulikodi kwa fundi kwa dakika chache ukalia muda ulipoisha, ulijifunza kwa kuiba ya babu akilala mchana. Kuna dada wa Ukerewe alisema alikuwa anapitisha mguu chini ya lile bomba la katikati kwa sababu akikaa kwenye kiti miguu haifiki kwenye pedali, na wengi wetu tuliokulia na zile Phoenix kubwa za wazee tunaijua hiyo staili. Kwa Kiingereza ikawa "I was too short to reach the pedals from the seat, so I put one leg under the crossbar and rode it standing up". Mwanzoni alitaka kudanganya kwamba alikuwa na baiskeli ndogo ya pinki. Nilimuomba aiache, kwa sababu uongo unahitaji ubuni vitu na utafute Kiingereza kwa wakati mmoja, ukweli unahitaji Kiingereza tu.

Unaanza vizuri kwenye wakati uliopita, sentensi ya tatu umerudi leo

Hii ndo dalili inayonikera kuliko zote kwa sababu inakula alama za watu wenye uwezo kabisa, afu wanaambiwa tu "rekebisha tense" bila kuambiwa inatokea wapi.

Skiliza unavyosimulia kwa Kiswahili. Nilichukua baiskeli, nikapanda, nikakanyaga pedali, nikafika kwenye mteremko, breki ikakataa, nikaanguka. Umesema NILI mara moja tu mwanzoni, baada ya hapo KA ndo inabeba kazi yote, wakati umeshawekwa na msikilizaji anajua tuko kulekule. Kiingereza hakina kitu kama KA. Kila kitenzi kinatakiwa kivae wakati uliopita chenyewe, took, got on, pedalled, reached, failed, fell. Akili yako inaona wakati umeshasema basi inaacha, mdomo unatoa "I took the bicycle, I get on, I reach the slope, the brakes fail". Sio kwamba hujui sarufi, ukiandika unapatia. Unasimulia Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza.

Zoezi lake ni la kuchosha lakini linafanya kazi. Simulia tukio lako kwa Kiswahili kwanza, na kila unapotamka KA gonga meza. Afu rudia kwa Kiingereza, na kila unapogonga lazima kitoke kitenzi cha wakati uliopita. Polepole kabisa mwanzoni. Baada ya siku kadhaa ondoa Kiswahili, baki na kugonga tu, afu ondoa na kugonga.

Kuna na kile cha pili, mazoea ya zamani. Nilikuwa naendesha kila Jumamosi, watu wanasema "I was riding every Saturday". Kwa kitu ulichokuwa unakifanya mara kwa mara zamani na sasa hukifanyi tena, tumia "used to", "I used to ride it every Saturday". Na ukishaiweka mara moja unaweza kuendelea na "would", "we would race down to the lake and come back soaked". Ukichanganya hizi mbili na tukio moja la wakati uliopita wa kawaida, sarufi yako inaonekana pana bila kujitutumua. Na angalia, "was riding" ina kazi yake, ni pale ulipokuwa katikati ya kitu kikatokea kingine, "I was riding home when the tyre burst". Hiyo weka moja tu kwenye hadithi, pale pa ajali.

Baba anakuwa "she"

Kiswahili A ni ya wote, alikuja, alininunulia, baba au mama hamna tofauti, kwahiyo ukikazana kuongea haraka ulimi unaokota chochote. Usijaribu kukumbuka kanuni ukiwa unaongea. Chagua mtu mmoja tu kwenye hadithi yako, kaka au bibi, fanya mazoezi na huyo mpaka "he" yake au "she" yake ijiendeshe. Hadithi yenye baba, mama, shangazi na dada kwa dakika 2 unajitafutia. Na ukikosea jirekebishe mara moja kifupi usonge mbele, usiombe msamaha.

Mtahini anainamisha sikio

Lafudhi ya kwetu sio kosa, liweke hilo kichwani, hakuna anayekudai uongee kama mtu wa London. Tatizo linaanza neno likigeuka kuwa neno lingine. Kanda ya Ziwa tuna hili la L na R, kuna ambao R inakuwa L na kuna ambao L inakuwa R, inategemea nyumbani mnaongea nini, na swali la baiskeli lina R na L kila kona. Ride ikiwa L inaskika "lied", yani alidanganya. Road inakuwa "load", na kwenye hadithi ya gunia la dagaa vyote viwili vipo.

Ukitamka L ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na inakaa hapo. Ukitamka R ya Kiingereza ulimi haugusi popote, unarudi nyuma kidogo na kuning'inia, midomo inajikusanya. Sio R yetu ya kupiga. Shika kioo, sema "a heavy load on a rough road" polepole huku unauskia ulimi unagusa wapi, na rekodi tena mpate mtu mwingine aandike alichoskia. Akiandika "road" mara mbili bado kazi ipo.

Th hiyo wala isikuumize kichwa kwa sababu Kiswahili kinayo, "three" ni th ya thelathini na "they" ni dh ya dhahabu, wengi wetu wa bara tumezoea kusema selasini na zahabu basi tunapeleka uvivu uleule kwenye Kiingereza. Angalia pia neno bicycle lenyewe, katikati ni "si" fupi, sio "sai", ile sai ni ya motorcycle. Na acha kuongeza irabu mwishoni, "baiki", "roadi", "redi", hizo irabu zikijazana sentensi inapoteza mapigo. Na "pushed" inaishia na t, silabi moja, haina "edi" mwishoni.

Hujui vifaa, au unavijua ila sentensi inakuwa ya Kiswahili

Vifaa ni kazi ya mchana mmoja. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote, mwombe ukae, taja kila unachokiona, spokes, chain, pedals, handlebars, brakes, bell, pump, crossbar, puncture. Ukisahau kimoja kwenye mtihani kielezee tu, "the metal part at the back where you tie things", na hiyo inahesabika kama ujuzi, watu wanadhani ni aibu.

Kigumu ni sentensi. Tunasema kupanda baiskeli basi mtu anatoa "I climbed the bicycle", hapana, got on. Nilianguka na baiskeli inatoka "I fell with the bicycle", sema fell off. Alinipakia inatoka "he carried me", sema "he gave me a ride on the back". Hizo tatu zinakuja karibu kwenye kila rekodi nayoskiliza, zishike kwanza.

Part 3 unaendelea kusimulia utoto

Hapa swali limeshatoka kwako limeenda kwa jamii, mfano kwanini watoto wa siku hizi hawaendeshi baiskeli kama zamani, au mji ufanyeje watu waendeshe zaidi. Ukijibu "me, when I was young" umekosa swali. Toa msimamo, sababu, afu mfano wa hapahapa, na Mwanza tuna mifano mpaka inamwagika. Mji wa mawe na vilima, nani apandishe baiskeli Bugando au Mabatini kila siku. Bodaboda zimechukua kazi ya kubeba abiria iliyokuwa inafanywa na baiskeli. Barabara kubwa mzazi anaogopa kumwachia mtoto. Ukiulizwa usafiri umebadilikaje kwenu una daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, watu walikuwa wanasubiri kivuko sasa wanapita. Ila usitaje daraja ukaishia hapo, sema limebadilisha nini kwa nani.

Nyumbani unatiririka, kwenye chumba unaganda

Umefanya mazoezi na ukuta. Kioo hakikukatizi, hakikuangalii bila kutabasamu. Tafuta mtu unayemuheshimu kidogo, sio rafiki yako wa kila siku, msimulie baiskeli yako kwa dakika 4, afu mwingine kwa dakika 3, afu wa tatu kwa dakika 2, hadithi ileile. Kasi inakuja yenyewe kwa sababu mawazo yameshapangika, unachotafuta ni maneno tu. Piga simu pia, kuongea bila kuona uso wa mtu kunakomaza.

Na ujue taratibu zao ili zisikushtue. Mahojiano yote ni dakika 11 hadi 14 na mtahini anafuata saa, akikukatisha kwenye dakika ya 2 ujue umejaza muda, hajakasirika. Akiwa hacheki wala haitikii ndo kazi yake ilivyo. Akiuliza kitu hujaskia usikisie, mwambie "Sorry, could you say that again, please?" kwa sauti ya kawaida, atarudia, na hukatwi alama kwa hilo.